Mchoro wa Mtoto Nao Husema

Leo tunazungumza juu ya maumivu yasiyoonekana kwa macho: hofu na huzuni inayokaa moyoni mwa mtoto, na jinsi kuchora na kufinyanga kunavyoweza kumsaidia.

Sisi wa Garissa na Kaskazini Mashariki tumepitia mengi. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulimaliza mifugo. Mwishoni mwa 2023 Mto Tana ulifurika, familia zikahama makwao. Mtu mzima akipatwa na haya, hulia, husimulia, huomba dua. Mtoto mdogo hana maneno ya kusimulia. Badala yake utaona anakojoa kitandani ilhali alikuwa ameacha, anashtuka usiku, anashika nguo yako usiondoke, au hachezi tena na wenzake. Wengine husema ni utundu, wakamchapa. Mama, fimbo haiondoi hofu, huizidisha.

Hapa ndipo sanaa inaposaidia. Mtoto akichora maji yakibeba nyumba, jambo lililokuwa likimsumbua ndani sasa liko mbele yake, na yeye ndiye mwenye penseli. Akitaka, ataongeza mashua ya kuwaokoa watu. Tena mikono ikifanya kazi polepole, mwili nao hutulia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000, ikaeleza kwamba sanaa husaidia afya ya mwili na ya akili. Tiba ya sanaa yenyewe hufanywa na mtaalamu aliyefunzwa, lakini yapo unayoweza kuyafanya nyumbani.

Kwanza, tafuta vifaa. Karatasi za daftari kuukuu na penseli zinatosha. Kama hakuna, tumia makaa, udongo wa mfinyanzi, au kijiti na mchanga. Ikiwa nyumbani kwenu hamchori viumbe wenye roho, mtoto anaweza kuchora nyumba, mto, mawingu au mapambo.

Pili, kaa karibu naye. Usimwamuru achore tukio baya. Mwache achague mwenyewe.

Tatu, usimcheke wala usimsahihishe. Mwambie, "Nieleze picha yako," kisha usikilize. Asipotaka kusema, usimlazimishe.

Nne, usiipigie ramli picha yake. Mtoto akipaka weusi mtupu, huenda makaa ndiyo rangi pekee aliyokuwa nayo. Maana ya picha anaijua aliyeichora.

Na wewe mama, usijisahau. Mabibi zetu walisuka mikeka ya aqal pamoja, na katika buraanbur wanawake wa Kisomali hutoa ya moyoni, furaha na uchungu. Ukisuka au kushona pamoja na wenzako, mnapata pia nafasi ya kuzungumza na kupumua.

Lakini sanaa haichukui nafasi ya matibabu. Mtoto akiendelea na dalili hizi kwa zaidi ya mwezi mmoja, au akikataa kula na kushindwa kwenda shule, mpeleke kituo cha afya au mwone mhudumu wa afya wa jamii. Akisema anataka kufa au kujiumiza, usingoje: usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Nawe pia ukijisikia hivyo, mwambie mtu unayemwamini na uende hospitali. Si aibu, wala si upungufu wa imani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Mama, leo jioni kazi zikipungua, mpe mtoto karatasi na penseli, uketi kando yake kwa dakika chache.