Siri ya Mtungi Aijuaye Kata

(Maoni ya juma, kama yalivyosomwa redioni)



Juma hili tuzungumze jambo ambalo vijana wanaoanza kuandika huliuliza sana: hawa watu tunaowasoma katika riwaya hutoka wapi? Ni nani huwaleta mpaka kwenye meza ya mwandishi?

Chukua mfano wa kijana aliyeko Konde, mji mdogo wa kaskazini mwa Pemba, katika Wilaya ya Micheweni. Akishika kalamu hukutana na vikwazo viwili. Kwanza, hudhani kwao hakuna cha kuandikwa. Mambo yako Unguja mjini, Dar es Salaam au Ulaya. Pili, na hili ndilo zito zaidi, huogopa. Konde watu wanajuana. Akiandika habari za tajiri bahili mwenye wake wawili, jua halitakuchwa kabla watu wa barazani hawajamtaja tajiri huyo kwa jina lake na la baba yake. Basi kijana huiweka kalamu chini, au huandika habari za watu wasio na kwao, wasionuka jasho wala karafuu.

Tujaribu kuvijibu vikwazo hivyo viwili, kimoja baada ya kingine.

Wagiriki wa kale walikuwa na miungu wa kike tisa ambao, kwa itikadi yao, ndio waliomtia mtunzi maneno kinywani. Watunzi wetu wa tenzi wao walianza kwa kumhimidi Mola, kisha wakaagiza waletewe wino na karatasi. Sikatai kuwa ilhamu ni kipaji. Lakini ukiziangalia riwaya za visiwani utaona kwamba mara nyingi ilhamu haikushuka kutoka juu. Ilikuja kwa miguu, na ikamkuta mwandishi yuko kazini.

Mtazame Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991. Huyu ndiye aliyetupa Bwana Msa, yule mpelelezi mwenye kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 hadi 1958 na ikachapishwa mwaka 1960. Watu husema Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevaa kanzu, na kweli udugu upo. Lakini tusisahau mwandishi alifanya kazi gani kabla ya hapo. Baada ya kumaliza masomo mwaka 1938 alikuwa mkaguzi wa afya kwa muda wa miaka kumi, kisha akawa mhariri wa magazeti. Bwana afya ni mtu anayeingia katika nyua za watu, na mhariri ni mtu anayeletewa malalamiko ya watu. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kazi hizo mbili zilimfanya mwandishi huyu awe kata.

Na huyo Sherlock Holmes mwenyewe hakutoka hewani. Arthur Conan Doyle alisomea udaktari Edinburgh, na huko alikuwa na mwalimu aliyeitwa Joseph Bell, ambaye akimtazama mgonjwa mikono na viatu aliweza kumwambia kazi yake na atokako. Mwanafunzi akayaweka akilini, na mwaka 1887 mpelelezi akazaliwa kitabuni. Kwa hiyo hata pale mwandishi wetu alipoazima, aliazima kwa mtu aliyekwisha kuazima kwa jirani. Kisha akakijaza chombo hicho vitu vya nyumbani. Riwaya yake ya mwaka 1968 aliiita Kisima cha Giningi, na Giningi ni jina ambalo watoto wa visiwani hulisikia katika habari za wachawi kabla hata hawajaanza skuli.

Adam Shafi naye alikwenda bandarini. Riwaya yake ya Kuli, iliyotoka mwaka 1979, imesimama juu ya mgomo wa wachukuzi wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948. Tukio ni la historia, lakini Rashidi wa kitabuni ni wa mwandishi. Historia inatuambia kwamba watu waligoma. Rashidi anatuonyesha mtu mmoja anavyorudi nyumbani jioni, mgongo unamuuma na mfukoni hamna kitu.

Sasa sikilizeni habari ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Mwaka 1984 alirudi nyumbani baada ya kuwa mbali kwa miaka mingi. Amesimulia kwamba alimwona baba yake, mzee wa makamo ya mwisho, akitembea kwenda msikitini. Akajiuliza: mzee huyu alipokuwa mtoto mdogo, Wazungu walipokuwa wanaitwaa nchi, aliona nini? Swali hilo likawa mbegu ya riwaya iliyotoka mwaka 1994, ambayo leo tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Mzee kwenda msikitini ni jambo tunaloliona kila siku. Gurnah hakuona kitu kigeni. Aliona kitu cha kila siku, akakiuliza swali.

Hapo, ndugu wasikilizaji, ndipo lilipo jibu la kikwazo cha kwanza. Ilhamu ni mtu wa karibu pamoja na swali. Mtu bila swali ni jirani tu. Swali bila mtu ni hotuba.

Basi nani atasema Konde hakuna watu? Liko soko, ambapo mkulima wa muhogo hukutana na mvuvi wa Tumbe. Liko basi la Chake Chake, ambamo bibi harusi na mgonjwa hupanda gari moja. Uko msitu wa Ngezi, wenye popo wakubwa wasiopatikana penginepo duniani ila Pemba, na wenye mahali ambapo watu wazima hawapiti bila ya kutia neno. Kuna msimu wa karafuu, ambao mtoto huacha daftari akapanda mti. Na kuna magendo ya karafuu, ambayo kila mtu anayajua na hakuna aliyeyafanya. Kila kimoja kina mtu wake, na kila mtu ana swali lake. Yule mama aliyekaa miaka ishirini akingoja barua ya mumewe kutoka Maskati, siku barua ikija atafurahi au ataikasirikia?

Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba wa mwaka 1947, alituonyesha njia hiyo zamani. Katika Utengano, riwaya ya mwaka 1980, yumo Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na baba yake mpaka alipotoroka na kuangukia pabaya. Msomaji wa Wete, wa Tanga au wa Lamu humtambua mara moja, kwa kuwa nyumba za namna ile anazijua. Na kwa kuwa zinajulikana Wete, Tanga na Lamu, hakuna baba mmoja anayeweza kusimama akadai kuwa ni yeye aliyesemwa.

Hilo ndilo linalotupeleka kwenye kikwazo cha pili, yaani hofu. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Maneno huvunja ndoa, na hutenga ndugu. Januari 2001, baada ya watu kupigwa risasi katika maandamano ya kisiasa Pemba na Unguja, watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari wakakimbilia Shimoni, Kenya. Wengi wa waliokuwamo katika mkasa ule wako hai. Waliopoteza watu wao hukutana sokoni na ambao hawakuwa upande wao. Atakayeandika habari za siku zile ameshika kidonda cha mtu, na hana ruhusa ya kukitonesha kwa kutaka sifa.

Lakini kunyamaza si dawa. Dawa ni kujua tofauti baina ya wasifu na riwaya. Shaaban Robert alipoandika maisha ya Siti binti Saad, yule mwimbaji aliyefariki mwaka 1950, alimtaja kwa jina, kwa sababu wasifu ni ushahidi na ushahidi hauna budi kuwa na jina. Riwaya inatafuta jambo jingine. Mwandishi wa riwaya huchukua mwendo wa mtu huyu, usemi wa yule, na huzuni ya wa tatu aliyekwisha kufa. Mvuvi humfanya seremala, mjomba akawa shangazi, na kijiji akakihamisha. Kinachobaki ni lile swali lililomsumbua tangu mwanzo. Akiisha kuchanganya vizuri, hata yule aliyechukuliwa mwendo wake atasoma asijijue, ila atasema: "Mtu huyu nilipata kumwona mahali."

Na yako mambo ya kuachwa kabisa. Siri uliyopewa kwa kuaminiwa ni amana, na amana haiandikwi, hata kwa jina la kubandika, ila kwa idhini ya mwenyewe. Mwandishi akikosa kuaminiwa, watu watanyamaza kila akipita, na hapo ilhamu yake yote itakuwa imekwisha.

Kwa hiyo nawaambia vijana wa Konde na wa kila mji mdogo: msingoje jini la ushairi. Kaeni barazani, msikilize zaidi kuliko mnavyosema, hasa kwa wazee, maana kila mwezi tunazika mmoja wao. Kata haiujui mtungi kwa kusikia sifa zake. Huujua kwa kuzama ndani. Na kata njema huchota maji isiuvunje mtungi.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.