Virutubishi na Lugha ya Mlaji

Wengi wetu hudhani kwamba njaa ni tumbo tupu. Kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, imetufunza kwamba kuna njaa nyingine. Mtu aweza kula mahindi, maharagwe na mafuta ya mgao, akashiba, na bado damu yake ikapungua kwa kukosa madini ya chuma.

Mwaka 2009 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kugawa kambini unga wa vitamini na madini, uliotiwa katika vipakiti, ili kila mtu aunyunyize juu ya chakula kilichokwisha kupikwa. Kisayansi, mpango huo ulikuwa mwema. Hata hivyo, haukupita muda mrefu kabla ya wengi kuacha kwenda kuuchukua. Watafiti walipouliza, waligundua, miongoni mwa mambo mengine, kwamba vipakiti vile vilifanana na vya kondomu!

Sisi wanaisimu hatushangai. Maana ya ishara haimtegemei mtungaji peke yake; humtegemea pia anayeipokea. Aliyetengeneza kipakiti alikusudia kusema "afya", lakini mama aliyekipokea alisoma jambo la kumtia haya mbele ya wanawe. Kumwita mama huyo mjinga ni kumwonea. Mwenye kosa ni mtungaji asiyemjua msomaji wake.

Mlaji huyo ana msamiati wake wa lishe. Wazee wa Kiturkana hawakulihitaji neno "vitamini" ili wajue thamani ya maziwa, damu ya mifugo, matunda ya edome na makoma ya kando ya mto Turkwel. Ukame uuapo mifugo, huondoka na madini ya chuma yaliyokuwa katika damu na nyama yao.

Kwa hiyo, mwalimu wa Lodwar au Kakuma asiliachie somo la lishe kwenye picha za karoti na machungwa kitabuni. Na aanzie kwenye sahani ya mwanafunzi wake. Amweleze kwamba chai inayonywewa pamoja na githeri huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma, hivyo afadhali ingoje saa moja au zaidi. Kwamba tone la ndimu huusaidia mwili kuyapata. Na kwamba sukuma wiki huweza kuota katika gunia la udongo kwa maji machache. Mambo hayo ayaseme kwa lugha wanayoitumia jikoni, kwani ndiko yatakakotekelezwa.