Mzee Akinyamaza: Kutambua Ukatili na Utelekezaji wa Wazee Wetu

Katika parokia nyingi za Jimbo Kuu letu la Arusha, Ijumaa ya kwanza ya mwezi ni siku ya kuwapelekea Komunyo Takatifu wagonjwa na wazee wasioweza kufika kanisani. Mafrateri tukiwa kwenye utume huongozana na padre, masista au viongozi wa jumuiya. Tunaingia hadi chumbani, mahali ambapo hata jirani wa karibu haingii. Aingiaye humo huona mambo ambayo wengine hawayaoni, kwa hiyo anawajibika pia. Tumeona vema tueleze dalili za mzee anayetendewa vibaya, na hatua za kuchukua.

Ukatili dhidi ya mzee ni nini?

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ni kitendo, au kuacha kutenda linalopasa, ndani ya uhusiano wa kuaminiana, ambako humletea mzee madhara au majonzi. Kumpiga ni ukatili. Kumtukana, kumtisha na kumfungia ndani ni ukatili. Kumwingilia kimwili bila ridhaa yake ni ukatili. Kumnyang'anya fedha au ardhi ni ukatili. Na kumwacha bila chakula, dawa, usafi wala mtu wa kuzungumza naye ni utelekezaji, hata kama hakuna aliyemgusa kwa mkono.

Shirika hilo linakadiria kuwa mtu mmoja kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hutendewa vibaya kwa namna fulani katika jamii anamoishi ndani ya mwaka mmoja. Katika taasisi za kulelea wazee, watumishi 2 kati ya 3 walikiri kuwa wamewahi kufanya hivyo ndani ya mwaka.

Nyumba ya wazee kwetu ni ipi?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 na kuendelea, na inasema familia ndiyo yenye jukumu la kwanza la kumtunza. Makazi ya wazee ya Serikali, kama Njoro mjini Moshi, Magugu mkoani Manyara, Fungafunga Morogoro na Nunge Kigamboni, ni kwa wale wasio na ndugu wa kuwatunza. Zipo pia nyumba zinazoendeshwa na mashirika ya kitawa. Lakini wazee walio wengi wako nyumbani: Sakina kwa mtoto wa kiume, Usa River na mjukuu, au Ngaramtoni na dada wa kazi huku watoto wakiwa Dar es Salaam au ng'ambo. Kwa hiyo tukisema nyumba ya wazee, tuanze na nyumba zetu wenyewe.

Kwenye miteremko ya Mlima Meru kuna jambo jingine: ardhi. Wazee wetu wanaijua thamani yake. Wameru walipoondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951, Kirilo Japhet alikipeleka kilio chao Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Leo watu wameongezeka, na shamba la migomba na kahawa limegawanywa mara nyingi. Mzee mwenye eka moja karibu na barabara ya lami anaweza kugeuka kikwazo machoni pa watoto wake mwenyewe. Ndipo anapowekewa karatasi mbele yake atie dole gumba bila kusomewa.

Dalili za kuangalia

Mwilini: michubuko kwenye vifundo vya mikono yote miwili au mikono ya juu, kana kwamba alishikwa kwa nguvu, vidonda vya kulalia kwenye nyonga, makalio na visigino, kukonda haraka, midomo iliyokauka, harufu ya mkojo isiyoisha, nguo nyepesi na blanketi moja wakati wa baridi kali ya Juni na Julai.

Katika mwenendo: mzee anamwangalia mtunzaji kabla ya kujibu, ananyamaza mtu fulani akiingia, mtunzaji hakubali abaki peke yake na mgeni, mzee aliyekuwa mcheshi anajikunyata na kusema afadhali afe.

Katika mali: kadi ya benki au simu iko kwa mtu mwingine, naye hajui pensheni au fedha za TASAF zimefika lini, namba yake ya siri inajulikana na kila mtu isipokuwa yeye, mipaka ya shamba inabadilika.

Katika maneno ya watu: mzee anaanza kuitwa mchawi. Hili tusilichukulie kuwa porojo. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni.

Hata hivyo dalili moja si hukumu. Ngozi ya mzee huchubuka kwa urahisi. Mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kusema hajala ilhali amekula saa moja iliyopita. Vidonda vya kulalia huweza kumpata hata anayetunzwa vizuri. Tuangalie dalili kadhaa kwa pamoja, na turudi tena kumtembelea.

Tufanye nini?

Kwanza, tupate nafasi ya kuongea na mzee faraghani, kwa heshima na bila haraka. Tumuulize, "Shikamoo bibi, siku zako zinakwendaje hapa nyumbani?" Tusimlishe maneno.

Pili, tusiahidi siri tusiyoweza kuitunza. Siri ya Kitubio humfunga padre kwa yale aliyoyasikia katika Sakramenti. Frateri, sista au mwenyekiti wa jumuiya aliyeambiwa jambo kando ya kitanda hayuko katika kifungo hicho. Amwambie mzee kwa upole kwamba atatafuta msaada, na amshirikishe katika kuamua.

Tatu, tusimkabili mtuhumiwa kwa hasira. Sisi tutaondoka, mzee atabaki naye usiku.

Nne, tuandike tarehe na tulichokiona, si tulichokisikia kwa majirani. Tusimpige picha za kumdhalilisha.

Tano, tutoe taarifa. Hali ikiwa ya hatari, mzee apelekwe hospitali kwanza na polisi wajulishwe; aliyejeruhiwa kwa kupigwa atahitaji fomu ya PF3. Katika hali nyingine tuanze na mwenyekiti wa mtaa au kijiji, mtendaji wa kata, na hasa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ambako hata mzee husikilizwa. Palipo na Baraza la Wazee, nalo lijulishwe. Kwa mambo ya ardhi kuna mabaraza ya ardhi, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamwezesha asiye na uwezo kupata msaada bila malipo.

Wengi watasema, "Tuyamalize kifamilia." Mshili kwa Wameru na laigwanani kwa Waarusha wana hekima ya kupatanisha, na ugomvi mwingi unaishia vizuri kwao. Lakini kipigo na wizi ni makosa ya jinai. Upatanisho unaomrudisha mzee kwenye chumba kilekile bila ulinzi si upatanisho.

Na ikiwa mzee yuko katika nyumba ya kulelea, hata iliyo ya Kanisa, utaratibu ni uleule: uongozi uambiwe, na usiposikia, ofisa ustawi aambiwe. Kuficha ili kulinda jina la nyumba ni kumtoa mzee sadaka.

Anayetunza naye atunzwe

Utelekezaji mwingine hautokani na roho mbaya. Hutokana na uchovu wa binti mmoja anayemgeuza mama kitandani usiku na mchana huku ndugu zake wanatuma salamu tu. Jumuiya inaweza kupanga zamu: mmoja afue, mwingine akae na mzee ili mtunzaji alale au aende sokoni Tengeru. WAWATA na Caritas ya parokia wanaweza kulisimamia hili.

Yesu, katika Marko sura ya 7, aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani ili wasiwasaidie wazazi. Tukitoa mchango mnono wa ujenzi wa kanisa huku mama analala njaa, tumerudi kulekule. Katekisimu, namba 2218, inawakumbusha watoto waliokua kuwapa wazazi msaada wa mali na wa moyo katika uzee na ugonjwa. Katika darasa la falsafa tunajifunza kwa Kant kwamba chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine, lakini utu hauna bei. Mzee aliyesahau hata jina lake hajapoteza utu wake.

Baba Mtakatifu Fransisko alianzisha mwaka 2021 Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Ana. Tusiisubiri. Wiki hii kila jumuiya iandike majina ya wazee wake wasiotoka nje, na karibu na kila jina iandike nani atakwenda kumwona, na lini.