Joto Linatokea Mgongoni mwa Friji

Hapa Mtinko Oktoba ndiyo mwezi wangu wa mafriji. Upepo wa kiangazi unakuwa umevuma tangu Juni, umeokota vumbi kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa alizeti na mtama na kulisukuma hadi ndani ya maduka, na jua linazidi kuwaka wakati mvua bado haijaonekana. Ndipo simu zinapoanza: friji inanguruma kutwa, soda hazipoi, umeme wa LUKU unaisha kabla ya siku zake. Wengi hunipigia wakiwa na jibu tayari. "Mwanangu, imeishiwa gesi, niongezee tu," aliniambia mama mmoja anayeuza maziwa mgando, hata kabla sijamaliza shikamoo yangu.

"Sawa mama, lakini kwanza tuivute tuuone mgongo wake."

Ilikuwa imebanwa ukutani, na juu yake zimepangwa trei za mayai. Mabomba meusi ya nyuma, yale tunayoyaita kondensa, hayakuonekana kwa vumbi, utando wa buibui na manyoya ya kuku. Sikuhitaji kufungua begi la vifaa. Brashi laini ilitosha kuanzia.

Friji haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuchota joto lililomo ndani na kulitupa nje. Gesi inayozunguka kwenye mabomba ndiyo mchukuzi. Ikifika upande wa ndani, shinikizo lake linakuwa limeshuka, hivyo inachemka na kuwa mvuke hata kwenye ubaridi, na kwa kuchemka inanyonya joto la maziwa na nyama. Kompresa inauvuta mvuke huo na kuubana mpaka unapata moto. Ukipita kwenye kondensa unaliachia joto hewani, unarudi kuwa majimaji, kisha unapenya bomba jembamba sana la kapilari na safari inaanza upya. Sasa kondensa ikivikwa vumbi, joto litatokea wapi? Kompresa inabaki kuhangaika bila kupumzika, inakula yuniti, na siku moja inaungua.

Katika nchi za baridi mashine ya asili hiyohiyo hugeuzwa ikapasha nyumba joto: inachota joto kutoka hewa ya nje, hata kama hewa yenyewe ni ya baridi, na kulimwaga ndani. Mwanasayansi wa Uingereza, Lord Kelvin, alilieleza wazo hilo mwaka 1852. Wenye mashine hizo huzifanyia ukaguzi wa kila mwaka, wakasafisha vichujio na feni na kukagua mabomba. Friji ya duka la Mtinko inafanya kazi ileile, tena kwenye vumbi zaidi. Haki yake ni siku moja kwa mwaka.

Siku hiyo inaanza kwa kuchomoa plagi na kutoa vitu vyote. Barafu iachwe iyeyuke yenyewe, mlango ukiwa wazi. Mwenye haraka aweke ndani sufuria ya maji ya moto. Kisu hapana! Nimeona friza nyingi nzima zikiuawa kwa kisu cha jikoni. Bati la ndani ni jembamba na gesi inapita papo hapo. Tundu la ncha ya sindano linatosha kuimaliza yote, na kuliziba si kazi nyepesi.

Kondensa ipigwe brashi kutoka juu kwenda chini, pamoja na kompresa yenyewe, bila kumwagia maji. Friji ikirudishwa, iachwe nafasi ya kiganja kizima kati yake na ukuta. Halafu mpira wa mlango: uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, hasa kwenye mikunjo, kisha ubane karatasi kwenye mlango na kuivuta. Ikitoka bila kukaza, hapo hewa ya nje inaingia usiku na mchana. Kuna pia kitundu kidogo cha kupitisha maji ndani, upande wa nyuma. Kikiziba, maji yanatuama chini ya mboga.

Umeme nao ni sehemu ya huduma. Mimi hupima volti jioni, watu wengi wanapowasha vitu kwa pamoja, kwa sababu mashine ya volti 230 ikipewa pungufu sana kompresa inashindwa kuanza na inapata moto. Friji gadi, kile kifaa cha kuikinga friji na umeme mbovu, inasaidia, tena inaichelewesha friji kidogo umeme ukirudi. Asiye nayo achomoe plagi umeme ukikatika, na ukirudi asubiri kama dakika tano, shinikizo la ndani litulie.

Na gesi? Gesi ya friji haiishi kama mkaa. Imo kwenye mabomba yaliyofungwa, na friji isiyovuja inaweza kukaa miaka mingi bila kuongezwa hata gramu. Ikipungua, pana tundu. Litafutwe na kuzibwa kwanza. Fundi anayejaza kila mwaka bila kutafuta tundu anakuuzia hewa. Isitoshe, gesi iliyo kwenye friji nyingi hapa, R134a, ikiachiwa angani inapasha dunia joto mara zaidi ya 1,000 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa; ndiyo sababu mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za jamii hiyo. Friji mpya nyingi zina R600a, ambayo madhara yake ya namna hiyo ni madogo sana lakini inawaka moto. Soma kibandiko karibu na kompresa kabla ya kumruhusu mtu yeyote awashe moto wa kuchomelea, na kiasi kinachojazwa kipimwe kwenye mizani kwa gramu zilizoandikwa hapo.

Ya yule mama sikuigusa gesi. Tulisogeza friji, tukaosha mpira, trei za mayai zikahamia kwenye rafu. Niliacha kipimajoto ndani ya glasi ya maji katikati ya friji, na asubuhi kilisoma nyuzi 4, kompresa ikiwa imepumzika. Alinilipa ya kusafisha, akaniuliza kama friza ya jirani yake nayo naweza kuipitia kabla ya Jumamosi.