Dondakoo: Tusikimbilie wembe wa kimeo

Miongoni mwa amana kubwa tulizokabidhiwa na Mwenyezi Mungu (S.W.) ni watoto. Amana hiyo haiishii katika kuwapa majina mema, kuwafanyia akika na kuwapeleka madrasa. Kuilinda miili yao nako ni sehemu yake. Ijumaa hii tunapenda kukumbushana juu ya maradhi ambayo wazee wetu waliyaogopa, na ambayo wazazi wengi wa leo hawajapata kuyaona kwa macho. Nayo ni dondakoo.

Dondakoo huletwa na bakteria wanaoenea kwa kikohozi na chafya. Kwa kawaida, siku 2 hadi 5 baada ya kuambukizwa, mtoto hupata homa ndogo na maumivu ya koo, mambo ambayo mzazi yeyote angeyadhania kuwa ni mafua tu. Kisha kooni hutanda utando mzito wa rangi ya kijivu, ulioshikamana na nyama kiasi kwamba ukibanduliwa hutoka damu. Shingo huvimba. Utando ukishuka, njia ya pumzi huziba, na mtoto huvuta hewa kwa sauti ya kukoroma. Wakati huohuo sumu ya bakteria hao husambaa katika damu na kuushambulia moyo na neva.

Hapa ndipo penye kosa tunalotaka kulikemea. Katika miji na vijiji vyetu, mtoto anayekohoa na kushindwa kumeza husemwa kuwa ana kimeo, akapelekwa kukatwa. Ndugu zetu, kimeo si chanzo cha maradhi haya. Kukikata humwachia mtoto jeraha, damu na hatari ya pepopunda, na zaidi ya hayo hupoteza saa ambazo zingemwokoa. Tena koo lililovimba halichokonolewi hata kwa kijiko, kwani njia ya pumzi inaweza kuziba ghafla.

Basi mzazi atazame dalili hizi: mtoto anakoroma akivuta pumzi, mate yanamtoka kwa kushindwa kumeza, nyama za kati ya mbavu zinabonyea ndani, midomo inabadilika rangi. Akiona mojawapo, ampakate mtoto akiwa ameketi wima, asimlaze kwa nguvu, na amkimbize hospitali saa hiyohiyo, uwe usiku au mchana.

Hospitalini dawa zipo. Emil von Behring wa Ujerumani alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1901 kwa kazi yake ya tiba ya seramu dhidi ya dondakoo. Hata hivyo, seramu huiondolea nguvu sumu iliyo bado katika damu. Ile iliyokwisha kuingia katika moyo haiifikii. Ndiyo maana tunasisitiza haraka, kwani hata kati ya wanaotibiwa, takriban mgonjwa 1 katika kila 10 hufariki.

Lililo bora zaidi ni kinga. Chanjo ya dondakoo hutolewa kwa watoto wetu wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14, pamoja na kinga ya kifaduro, pepopunda na maradhi mengine. Zisipokamilika, maradhi hurudi. Mwaka 2017 yalizuka katika kambi za ndugu zetu Warohingya huko Cox's Bazar, Bangladesh, watu waliotoka mahali ambako chanjo zilikuwa haba. Mwaka 2023 jimbo la Kano, Nigeria, lilizika watoto wengi, na wengi wa waliopatwa hawakuwa wamekamilisha chanjo.

Wako wasemao kwamba kuchanja ni kupungukiwa na tawakali. Tunawakumbusha kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mola wake.

Basi leo tukirejea kutoka msikitini, kila mmoja wetu aifungue kadi ya kliniki ya mwanawe. Iliyopungua, ikamilishwe wiki hii. Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Amin.