GARI LIKINYWA MAJI, TAFUTA PANAPOVUJA

Je, gari la kikundi chenu huongezwa maji kila asubuhi? Kama ndivyo, gari hilo lina ugonjwa. Rejeta nzima haipungui maji kila siku. Yakipungua, yanakwenda mahali.

Nilipata kufanya kazi katika kijiji chenye gari la kubebea mahindi. Kila siku dereva aliongeza kopo moja la maji. Watu wakazoea. Siku moja gari lilipanda mlima na magunia. Injini ilichemka, ikafa. Kumbe mpira mmoja wa rejeta ulikuwa umechanika! Bei ya mpira ni ndogo. Lakini fedha za mahindi ziliishia kwenye injini.

Basi, tafuta ugonjwa mapema. Fanya hivi:

1. Subiri injini ipoe kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji ya ndani yamebanwa kwa nguvu. Yataruka na kukuunguza uso na mikono.

2. Jioni, gari likiwa limepoa, jaza rejeta na ufunge kifuniko. Tandika boksi safi la karatasi chini ya injini. Asubuhi tazama madoa. Doa jeusi linaloteleza ni oili. Doa la maji, au la kijani, au jekundu lililo chini ya rejeta, huenda ni la maji ya rejeta.

3. Tazama juu ya doa. Je, rejeta ina tundu? Bonyeza mipira yake. Mpira wenye nyufa, au uliolegea sana, umechoka. Kama kibano kimelegea, kikaze. Maji yakidondoka kwenye pampu ya maji, huenda pampu imekwisha. Maji yaliyokauka huacha alama nyeupe au ya rangi. Fuata alama hiyo mpaka inapoanzia.

4. Kama boksi ni kavu, washa injini kwa dakika 10. Tazama tena. Mikono na nguo ziwe mbali na feni. Mipira mingine huvuja ikipata moto tu.

5. Bado huoni kitu? Zima injini, ipoe. Angalia mpira ulio ndani ya kifuniko cha rejeta. Ukiwa umekatika, maji hutoka kidogo kidogo safarini. Kisha chomoa kijiti cha kupimia oili. Je, oili ina rangi ya chai ya maziwa? Je, gari hutoa moshi mweupe mwingi hata injini ikishapata moto? Basi maji yanaingia ndani ya injini. Oili yenye maji hailindi vyuma. Msiliendeshe gari hilo. Mwite fundi.

Kumbuka mambo mawili. Kwanza, usimimine maji baridi katika injini inayochemka. Chuma chake kinaweza kupasuka. Pili, dawa ya rangi inayotiwa katika rejeta, yaani kulanti, ni sumu. Ina ladha tamu. Mtoto, mbwa au mbuzi akiinywa anaweza kufa. Usiiache katika kopo wala katika chupa ya soda. Ikimwagika, ifute mara moja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jioni ya leo, tandikeni boksi chini ya gari lenu.