Je, Wajua? Majina ya usingizi wa mchana

Bukari, ugali wetu, imeliwa, jua la Oktoba limesimama juu ya Lubumbashi, kope zimeanza kuwa nzito. Kabla hujajilaza, pokea haya.

Sieste ni saa sita
Neno hili, ambalo Walushois, yaani wakazi wa Lubumbashi, wamelipokea kutoka Kifaransa, lilianzia Roma ya kale: hora sexta, saa ya sita tangu jua kuchomoza. Wahispania wakaligeuza kuwa siesta, Wafaransa wakalifuata. Ulaya imeshaiacha hesabu hiyo ya saa, lakini kuanzia Mombasa hadi Dodoma watu bado wanasema saa sita mchana, kama Waroma!

Congo ina adhuhuri mbili
Lubumbashi ikifika saa sita mchana, Kinshasa ndiyo kwanza ni saa tano. Nchi ni pana mno kutosheka na saa moja, kwa hiyo Mlushois anaweza kulala, kuamka na kunawa uso, na ndugu yake wa mji mkuu bado hajapata chakula cha mchana.

Usingizi uko kwenye ngeli ya vitu vidogo
Mjini Lubumbashi husema busingizi, kwa bu- ile ile ya bukari. Lakini sikiliza lugha nyingine za Kibantu: Kibemba utulo, Kiluba tulo, Kiganda otulo. Hiyo tu- ni ngeli ya vitu vidogo au haba. Kiganda huita maji kidogo otuzzi. Ni kama mababu waliupima usingizi kwa matone.

Faragha ya adhuhuri ina zaidi ya miaka 1,300
Waislamu wa pwani huuita usingizi wa mchana kailula, kutoka Kiarabu. Sura An-Nur ya Kurani, aya ya 58, inataja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani hubisha hodi kabla ya kuingia, na mojawapo ni adhuhuri, watu wanapovua nguo wapumzike.

Kiswahili kimeupanga usingizi kwa ngazi
Chini kabisa lipo lepe, lile tone la usingizi. Kisha mang'amung'amu, nusu macho nusu ndotoni. Ukilala bila kukusudia, umepitiwa. Na juu kabisa upo usingizi wa pono, samaki wa miambani mwenye rangi za kupendeza. Wavuvi hawakukosea: baadhi ya pono hujifunika usiku kwa mfuko wa ute wanaoutoa mdomoni, na humo ndani vidudu vinyonya damu haviwafikii.

Japani unaweza kulala ukiwa kazini
Wajapani wana neno inemuri, yaani kuwapo huku umelala. Mtu akisinzia mkutanoni au ndani ya treni, mara nyingi huchukuliwa kuwa amejituma hadi akachoka.

Si kosa la bukari peke yake
Hata aliyekosa chakula cha mchana husinzia alasiri. Saa iliyomo mwilini hupunguza uchangamfu mara mbili kwa siku: usiku wa manane na baada ya adhuhuri. Shibe huongeza tu uzito wa kope.

Dakika 26 zinatosha
Shirika la anga la Marekani, NASA, lilichunguza marubani wa safari ndefu walioruhusiwa kulala kwa zamu wakiwa angani. Walilala wastani wa dakika 26, na utendaji wao ukapanda kwa asilimia 34. Muda huo haufiki hata kipindi kimoja cha mechi ya soka ya TP Mazembe! Ukizidisha nusu saa, unaweza kuzama kwenye usingizi mzito na kuamka umelegea.

Sekunde 15 hufungua fumbo
Mchoraji Salvador Dalí alisinzia kitini akishika ufunguo juu ya sahani. Ukianguka, mlio wake unamwamsha. Mwaka 2021 watafiti wa Paris walijaribu mbinu kama hiyo kwa watu waliopewa fumbo la hesabu. Kati ya waliosinzia angalau sekunde 15, asilimia 83 waligundua siri yake. Kati ya waliobaki macho, asilimia 30 tu. Waliozama zaidi usingizini? Asilimia 14. Siri iliwajia waliopata lepe, ikawapita waliolala kama pono.